Kujifunza Sarufi ya Kiitaliano Chuoni kwa Kupitia Kiswahili: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Arusha na Moshi

Mwanafunzi wa Arusha au Moshi anayeanza Kiitaliano akiwa chuo kikuu kwa kawaida hukabidhiwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, au kilichoandikwa kwa Kiitaliano chenyewe lakini kikafafanuliwa kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu. Matokeo yake ni kwamba kila kanuni hupitia Kiingereza kabla ya kumfikia, na mara nyingi mzunguko huo humpotezea muda bure, kwa sababu yako mambo mengi ambayo Kiitaliano na Kiswahili huyafanya kwa namna moja ilhali Kiingereza huyafanya kwa namna nyingine. Mwongozo huu unapendekeza njia tofauti: ipange sarufi ya Kiitaliano juu ya sarufi ya Kiswahili unayoijua tangu utotoni, na uombe msaada wa Kiingereza pale tu ambapo Kiswahili hakina cha kukusaidia. Njia hii inamfaa anayesoma Kiitaliano kama somo la ziada, anayejiandaa kwenda kusoma Italia, na hata mwanafunzi wa utalii anayetarajia kuwaongoza wageni Kilimanjaro au Serengeti, ingawa huyu wa mwisho atahitaji kusikia na kusema kuliko kuandika.

Sauti zinazofanana na zile zinazodanganya

Irabu za Kiitaliano huandikwa kwa herufi tano zilezile za Kiswahili, na mtu aliyezoea kuitamka kila irabu kama ilivyoandikwa hapati taabu nazo. Ni kweli kwamba herufi e na o zina matamshi mawili kila moja, la wazi na la kufumba, hivyo sauti za irabu kwa jumla ni saba. Hata hivyo Waitaliano wenyewe hutofautiana katika jambo hilo kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuliacha bila hasara.

Kazi iko kwenye konsonanti. Herufi c ikifuatwa na e au i husomeka kama ch yetu, ilhali ch ya Kiitaliano husomeka k, kinyume kabisa cha yale ambayo macho yetu yameyazoea. Kwa hiyo cena (chakula cha jioni) hutamkwa "chena", na chiesa (kanisa) hutamkwa "kiesa". Hali kadhalika, g mbele ya e au i husomeka j, kama katika gelato, na gh husomeka g ya kawaida, kama katika spaghetti. Herufi gn ni ny yetu bila tofauti ya kukusumbua, hivyo montagna (mlima) ni "montanya". Sc mbele ya e au i ni sh. Na h isiyofuata c wala g haitamkwi kabisa, bali huandikwa tu ili kutenganisha maneno kama ho (nina) na o (au). Sauti ya gli haipo katika Kiswahili, nayo hupatikana kwa kubandika sehemu ya kati ya ulimi kwenye kaakaa wakati unapotamka l. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya nyumbani haitenganishi r na l ajichunge mapema, kwa sababu mare ni bahari na male ni vibaya.

Jambo linalowashinda wengi zaidi ni konsonanti zinazoandikwa mara mbili, ambazo lazima zivutwe kidogo zaidi. Sete ni kiu na sette ni saba. Pala ni sepetu na palla ni mpira. Nono ni wa tisa na nonno ni babu. Zoezi linalofaa ni la watu wawili: mmoja ageuze mgongo akiwa na kalamu, mwenzake asome maneno ya jozi hizo bila mpangilio, kisha mlinganishe kilichosemwa na kilichoandikwa. Msomaji akiona mwandishi anakosea mfululizo, ajue kwamba kosa huenda liko mdomoni mwake mwenyewe.

Mkazo nao unastahili uangalifu. Katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hulitenda hilo bila kufikiri. Maneno mengi ya Kiitaliano hufuata kanuni hiyohiyo, lakini yapo mengi yanayoweka mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, mathalani telefono, ambalo hutamkwa teLEfono, na parlano (wanasema), ambalo hutamkwa PARlano, wala si parLAno. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho huonyeshwa kwa alama, kama katika città na caffè. Sisi tunao mfano wetu wa nadra katika neno barabara, ambalo hubadilika maana kutoka njia kuwa sawasawa kwa kusogeza mkazo tu. Waitaliano wana ancora, ambalo mkazo ukiwa mwanzoni ni nanga, na ukiwa katikati ni bado. Kwa hiyo kila unapoandika neno jipya lenye silabi tatu au zaidi, pigia mstari silabi yenye mkazo.

Jinsia za nomino, na mtu aliyezoea ngeli

Vitabu vingi vya Kiingereza hutumia kurasa kadhaa kumtuliza msomaji aliyeshtuka kusikia kwamba meza ina jinsia. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutulizwa. Yeye amezoea kugawa nomino katika ngeli nyingi na kuvilazimisha vivumishi, vitenzi na viwakilishi vyote kufuata ngeli hizo, na Kiitaliano kina makundi mawili tu, la kiume na la kike, kila moja likiwa na umoja na wingi. Kitabu kipya ni il libro nuovo; vitabu vipya ni i libri nuovi. Upatanisho ni uleule, isipokuwa Kiswahili huuonyesha mwanzoni mwa neno na Kiitaliano huuonyesha mwishoni. Hata mpangilio wa kawaida, yaani nomino kwanza na kivumishi baadaye, ni wa kwetu.

Kwa jumla nomino zinazoishia kwa -o ni za kiume na wingi wake huishia kwa -i. Zinazoishia kwa -a ni za kike na wingi wake huishia kwa -e. Na zinazoishia kwa -e zinaweza kuwa za upande wowote, kama il fiore (ua) na la notte (usiku), na wingi wa zote huishia kwa -i. Wako wakaidi wachache wa kukariri mapema: la mano (mkono) ni wa kike ijapokuwa huishia kwa -o, na il problema ni wa kiume ijapokuwa huishia kwa -a. Pale ambapo mazoea yetu hayasaidii ni kwa watu. Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika sarufi, ilhali katika Kiitaliano hata ukijisemea mwenyewe lazima ujionyeshe: Juma atasema sono stanco (nimechoka), na Neema atasema sono stanca.

Umilikishi, kwa upande mwingine, ni zawadi kwetu. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza hutafuta neno la kutenganisha mwenye mali wa kiume na wa kike, halipati, na kuishia kukosea. Katika Kiitaliano, kama ilivyo kwetu, kimilikishi hufuata kitu kinachomilikiwa: kitabu cha Juma na kitabu cha Neema vyote ni il suo libro, yaani kitabu chake, na nyumba yake ni la sua casa, hata kama mwenye nyumba ni mwanamume. Aidha, sisi humtaja jamaa kwa umbo la pekee, tukasema mamangu na nduguye, maumbo tusiyoyatumia kwa meza wala kiti. Kiitaliano nacho huwatenga jamaa, kwa kuondoa kibainishi, yaani neno dogo kama il au la linalotangulia nomino: il mio libro, lakini mia madre, mio fratello. Katika wingi kibainishi hurudi, hivyo dada zangu ni le mie sorelle.

Vibainishi: mahali pa kutumia muda wako mwingi

Hapa Kiswahili hakina cha kukupa. Hatuna vibainishi vya namna ya il na la, na mtu aliyekulia katika lugha isiyo navyo huviona kama mapambo yanayoweza kuachwa. Haviachwi. Hata Kiingereza chako kinaweza kukuponza, kwa sababu Kiingereza huacha kibainishi kinapozungumzia kitu kwa ujumla, ilhali Kiitaliano hukitaka: kahawa ni nzuri, kwa maana ya kahawa yoyote, ni il caffè è buono.

Maumbo ni saba. Kwa kiume umoja ni il, lo na l'. Wingi ni i na gli. Kwa kike umoja ni la na l'. Wingi ni le. Kinachoamua kati ya il na lo ni sauti ya kwanza ya neno linalofuata, wala si maana yake: lo hutumika mbele ya s inayofuatwa na konsonanti nyingine, mbele ya z, gn na ps, na katika mazingira machache mengine, kama lo studente na lo zaino (begi la mgongoni). Mbele ya irabu hutumika l', kama katika l'amico. Wingi wa lo na wa l' ya kiume ni gli: gli studenti, gli amici.

Kanuni hizo husomwa kwa dakika chache na kusahaulika kwa muda huohuo, kwa hiyo ziingizwe mdomoni kwa mazoezi ya vitu halisi. Siku ukienda soko la Mbuyuni mjini Moshi au la Kilombero mjini Arusha, taja kimoyomoyo kila unachokiona pamoja na kibainishi chake, kwa umoja na kwa wingi: il pomodoro, i pomodori (nyanya), la cipolla, le cipolle (vitunguu), l'arancia, le arance (machungwa), il fagiolo, i fagioli (maharage). Tangawizi itakukumbusha kanuni ya z, kwa kuwa ni lo zenzero, na sukari vilevile, lo zucchero. Ukifika kwa muuza mayai utakutana na nomino yenye vituko, kwa sababu l'uovo ni ya kiume katika umoja lakini le uova ni ya kike katika wingi. Katika daftari la msamiati usiandike kamwe neno likiwa peke yake. Andika la mano, si mano, la sivyo utalazimika kujifunza neno hilo mara mbili.

Vibainishi vikishazoeleka, vihusishi vitano, yaani di, a, da, in na su, huungana navyo na kuwa neno moja: di na il huwa del, in na il huwa nel, su na la huwa sulla. Vihusishi vitano mara vibainishi saba ni maumbo thelathini na matano, na ushauri wangu ni kuchora jedwali lote kwa mkono, kulifunika, na kulichora tena bila kutazama, mpaka liweze kutoka lenyewe. Baada ya hapo tunga sentensi fupi za mambo unayoyaona kila siku. Katika mji uliokuzwa na kahawa kama Moshi, nel caffè c'è lo zucchero (ndani ya kahawa kuna sukari) ni sentensi yenye kibainishi, kihusishi kilichoungana, na pia kitenzi, vyote kwa pamoja. Na c'è yake ni kuna yetu, ambayo katika wingi huwa ci sono.

Kitenzi

Vitenzi hugawanyika katika makundi matatu kwa viishio vya -are, -ere na -ire. Parlare (kusema) hunyambuliwa parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano, na mwenye Kiswahili ataona mara moja kwamba hivyo ni nasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema, isipokuwa nafsi imehamia mwishoni mwa neno. Kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi, kiwakilishi huru hakihitajiki, nawe utasema parlo kama unavyosema nasema, na kuongeza io pale tu unapotaka kusisitiza, kama mimi nasema. Mwanafunzi anayeanza kila sentensi kwa io anatafsiri kutoka Kiingereza. Vitenzi visivyofuata kanuni ndivyo vinavyotumika zaidi, kwa hiyo anza na essere (kuwa), avere (kuwa na), andare (kwenda), fare (kufanya), stare (kukaa), potere (kuweza), dovere (kupaswa) na volere (kutaka), na usiviache mpaka uvinyambue bila kusita.

Avere inastahili kutajwa peke yake. Kiingereza humfanya mtu awe na njaa kwa kitenzi cha kuwa, na wanafunzi wengi hutunga sentensi za ajabu kwa kukifuata. Tafsiri kutoka Kiswahili na utapatia: nina njaa ni ho fame, nina kiu ni ho sete, nina usingizi ni ho sonno, nina haraka ni ho fretta, una miaka mingapi ni quanti anni hai. Vilevile kwa kupenda kitu: Kiitaliano husema mi piace il caffè, ambayo neno kwa neno ni kahawa inanipendeza, na kinachopendeza kikiwa katika wingi kitenzi hubadilika, mi piacciono i fagioli, kama sisi tunavyosema yananipendeza. Kwa viwakilishi vya yambwa, yaani kitu kinachotendwa, kumbuka tu kwamba hutangulia kitenzi: nakisoma ni lo leggo, lakini kukisoma ni leggerlo.

Kwa wakati uliopita utahitaji njeo mbili mwanzoni. Passato prossimo huonyesha tendo lililokamilika na hufanya kazi ya -me- na ya -li- pia, hivyo ho comprato inaweza kuwa nimenunua au nilinunua. Imperfetto ni ya jambo lililokuwa likiendelea au lililokuwa mazoea: leggevo quando Juma è entrato, nilikuwa nasoma Juma alipoingia. Ukijiuliza kama katika Kiswahili ungesema nilikuwa nasoma au nilisoma, mara nyingi utapata jibu sahihi. Ugumu halisi ni kuchagua kitenzi kisaidizi. Kitenzi chenye yambwa hutumia avere. Vitenzi vya kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kubaki, kuzaliwa na kufa hutumia essere, na hapo umbo la mwisho hufuata jinsia ya mtenda, Juma è arrivato na Neema è arrivata. Usihitimishe kwamba kila mwendo ni essere, kwa maana camminare (kutembea kwa miguu) hutumia avere.

Congiuntivo, yaani umbo la kitenzi la jambo linalotakiwa au kudhaniwa, huogopwa sana, na walimu wengi huiweka mbali mpaka mwaka wa pili. Kwetu haina sababu ya kuogopwa kiasi hicho, kwa sababu tunaitumia kila siku kwa kiishio -e: Neema anasema, lakini nataka Neema aseme. Kiitaliano kinafanya vivyo hivyo, Neema parla, lakini voglio che Neema parli. Ulinganifu huo una mipaka, kwani Kiitaliano huitaka pia baada ya kudhani na kutumaini, mahali ambapo Kiswahili huacha kitenzi kama kilivyo. Hata hivyo mlango umeshafunguka.

Saa, tarakimu na heshima

Saa itakuponza usipokuwa makini. Sono le otto si saa nane bali ni saa mbili, na è l'una ya mchana ni saa saba. Ratiba za treni na vyuo hutumia saa ishirini na nne, hivyo le quattordici ni saa nane mchana. Usihesabu kwa kuongeza sita kichwani kila mara. Iweke simu yako katika Kiitaliano kwa wiki chache na usome saa kwa sauti. Tarakimu zikiandikwa kwa maneno huungana bila nafasi, na anayetaka kujipima aandike urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, ambao ni cinquemilaottocentonovantacinque.

Kuhusu heshima, mtu aliyefundishwa shikamoo hahitaji maelezo marefu. Rika na rafiki huitwa kwa kiwakilishi cha Kiitaliano "tu", yaani wewe. Mwalimu, mzee, mteja na mtu usiyemjua huitwa Lei, na kitenzi huchukua nafsi ya tatu umoja, Lei parla inglese? Ciao ni ya marafiki, buongiorno ni ya wote.

Kusikiliza na kusoma nje ya darasa

Redio ya Vatikani na tovuti yake ya Vatican News hutoa habari kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili, na kwa mwanafunzi wetu sijui nyenzo inayoishinda, awe Mkatoliki au la. Tafuta habari ileile katika lugha zote mbili, soma ya Kiitaliano kwanza, kisha isahihishe tafsiri yako kwa ile ya Kiswahili. Hapo Kiingereza hakina nafasi kabisa. Sala ya Angelus ya Jumapili husaliwa Roma saa sita mchana kwa saa za huko, yaani saa saba kwetu Ulaya inapokuwa katika majira ya joto na saa nane katika majira ya baridi, na hotuba yake husomwa kwa Kiitaliano cha taratibu na baadaye huchapishwa kwa maandishi. Anayependelea mpira atapata Kiitaliano chepesi chenye kujirudiarudia katika gazeti la michezo la La Gazzetta dello Sport. Kamusi ya Treccani hupatikana bure kwenye intaneti, nayo ifunguliwe baada ya kukisia maana, si kabla.

Kikundi cha wanafunzi watatu au wanne kinatosha, mradi mkikutana mseme Kiitaliano hata kama ni kibovu. Masahihisho yasubiri mpaka msemaji amalize.

Ukihitaji cheti, viwango vya lugha huanzia A1, cha chini kabisa, hadi C2, cha juu kabisa. Mitihani inayotambulika ni pamoja na CELI ya Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia, CILS ya chuo cha aina hiyo cha Siena, na PLIDA ya Chama cha Dante Alighieri. Shahada zinazofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida hudai B2, ambayo haifikiwi kwa muhula mmoja, kwa hiyo anayekusudia kwenda aanze angalau miaka miwili kabla. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahini ni mtu usiyemjua: mwite Lei tangu unapoingia. Akikuambia diamoci del tu, anakuruhusu mwitane kwa "tu" ya marafiki, nawe ubadilishe vitenzi vyako mara moja; asiposema hivyo, endelea na Lei hadi utakapotoka chumbani.